Pikapu mpya kwenye besi ya zamani: mita kwanza, lehemu baadaye

Gitaa la besi likipoteza sauti, neno la kwanza kutoka mdomoni mwa watu ni "pikapu imekufa," yaani kile kifaa cha sumaku na koili ya waya kilicho chini ya nyuzi, kinachogeuza mtikisiko wake kuwa umeme. Mara nyingi pikapu haina kosa lolote. Jeki (tundu la kuchomekea kebo) imelegea, waya umeng'oka nyuma ya poti (kile cha kuzungusha cha volyumu au toni), au kebo imekatika ndani kwa ndani karibu na plagi. Hiki ninachosimulia ni kisa ambacho pikapu kweli ilikuwa imekufa, na nakisimulia kwa sababu kilinifundisha namna ya kulijua hilo kwa hakika kabla ya kuwasha chuma cha kulehemu. Kilinionyesha pia kwamba pikapu ni sehemu moja tu ya mzunguko mzima, na ukiuelewa mzunguko huo unaacha kubahatisha.

Besi yenyewe ni ya kijana ninayepiga naye muziki, ananiita kaka. Ni ya nyuzi nne, ya muundo wa Precision Bass. Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, walipoitoa besi ya aina hiyo mwaka 1951 ilikuwa na pikapu moja ya koili moja. Mwaka 1957 wakaigawa pikapu hiyo nusu mbili zilizopishana: nusu moja iko chini ya nyuzi za E na A, zile nene zaidi, imesogea kidogo upande wa shingo, na nyingine iko chini ya D na G, imesogea upande wa daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa besi. Mpaka leo besi nyingi sana duniani zinafuata mpangilio huo, na hiyo ilikuwa mojawapo.

"Kaka, besi imeondoka," aliniambia. "Imebaki sauti ya vidole tu."

Alikuwa ameieleza vizuri kuliko alivyodhani. Niliposikiliza, noti zote nne zilikuwepo, lakini zilikuwa nyembamba, hazina kifua, na nyuma yake kulikuwa na mvumo wa umeme uliokuwa haupo zamani. Dalili hizo mbili zikija pamoja zina maana. Jeki mbovu hukatakata sauti au huizima kabisa. Poti chafu hukwaruza unapoizungusha. Sauti iliyokonda huku mvumo umeongezeka hunielekeza kwenye koili iliyokatika, kwa sababu nusu mbili za pikapu hiyo zimeungwa mfululizo: sauti ya nusu ya kwanza hupita ndani ya nusu ya pili kabla ya kufika kwenye poti ya volyumu. Moja ikikatika, njia imefungwa kwa zote mbili. Kinachosikika ni kile kidogo kinachoruka pengo, na kinachoruka pengo kirahisi ni sauti za juu. Sauti za chini hazivuki.

Dalili hunielekeza tu, jibu hulitoa mita ya kupimia umeme. Tena huhitaji kufungua skrubu hata moja ili upime. Nilichomeka kebo nzima kwenye jeki ya besi, ncha ya pili nikaiacha huru. Nikafungua volyumu na toni mpaka mwisho, nikaweka mita kwenye kipimo cha ukinzani, yaani kiasi ambacho waya huzuia umeme, probu moja kwenye ncha ya plagi na nyingine kwenye shina lake. Kiganja cha mkono wangu mwingine nilikilaza juu ya nyuzi zitulie, kwa sababu uzi unaotikisika huzalisha umeme ndani ya koili, na namba kwenye kioo cha mita hukataa kusimama.

Pikapu nzima ya aina hii kwa kawaida husoma kati ya kiloomu (omu elfu) 10 na 11. Mita yangu ilisoma 240. Namba hiyo haikuwa ya pikapu hata kidogo. Poti ya volyumu katika besi hizi ni ya kiloomu 250, na poti za kawaida huruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 20, hivyo 240 ni poti yenyewe, ikisomeka peke yake kana kwamba hakuna pikapu iliyounganishwa. Kama waya wa jeki ndio ungekuwa umekatika, mita isingesoma chochote. Kama mahali fulani waya wa sauti ungekuwa umegusana na ethi, yaani upande wa pamoja ambao umeme hurudia, ingesoma sifuri. Kipimo kimoja, bila bisibisi, tayari kimeshaondoa jeki, kebo na poti kwenye orodha ya washukiwa.

Hapo ndipo nikafungua kibao cha plastiki. Nilitenganisha waya wa pikapu kutoka kwenye poti, nikapima kila nusu kivyake. Nusu ya E na A ilisoma kiloomu 5.3. Nusu ya D na G haikusoma kitu. Nilitafuta mkatiko mahali pa kufikika, yaani pale waya wa koili unapofungwa kwenye kishikizo cha chuma chini ya pikapu, kwa sababu ukikatika hapo mtu mwenye subira anaweza kuurudisha. Ule wa nje ulikuwa mzima. Kilichokatika ni mwanzo wa koili, sehemu iliyo ndani kabisa, inayogusana na sumaku. Kutu ilikuwa imeota kwenye sumaku na kuula waya. Waya unaotumika kwa kawaida kwenye pikapu hizi una unene wa milimita 0.06 hivi na umezungushwa maelfu ya mara. Kuufikia mwanzo wake ni kuifumua koili yote. Kusuka koili upya ni kazi ya heshima, wapo wanaoifanya kwa ustadi mkubwa, lakini inataka mashine na mkono uliozoea. Tukakubaliana kununua mpya.

Nirudi kidogo kwenye ule mvumo, kwa sababu ndio unaoeleza akili iliyomo kwenye pikapu hii. Koili yoyote hunasa mawimbi ya umeme wa nyumba, taa na transfoma. Fender waliifanya nusu moja iwe na sumaku iliyogeuzwa na koili ikazungushwa kinyume cha mwenzake. Umeme unaotokana na uzi hutegemea sumaku na mzunguko wa koili kwa pamoja, kwa hiyo kugeuza vyote viwili hakubadilishi kitu. Mvumo wa nje hautegemei sumaku. Unaingia nusu moja ukiwa chanya na nyingine ukiwa hasi, zikijumlishwa unajifuta. Nusu moja ikifa, kinga hiyo nayo imekufa. Na kwa mpiga besi mvumo unauma kuliko kwa mpiga solo: pale umeme wa nyumba ulipo wa hezi 50, mvumo unakaa karibu kabisa na noti ya G iliyo kwenye kituo (freti) cha tatu cha uzi wa E, ambayo ni hezi 49. Ukijaribu kuupunguza kwenye amplifaya, unaiua na noti yako pamoja nao.

Kwenye kununua ndipo watu hupoteza fedha, na hapa nina msimamo. Jambo la kwanza ni umbo, sauti inafuata. Pikapu za Precision zimefanana vipimo kiasi kwamba nyingi huingia bila kuchonga mbao, lakini kwenye Jazz Bass, besi nyingine ya Fender iliyotoka mwaka 1960 na pikapu mbili, ile ya upande wa daraja ni ndefu kidogo kuliko ya upande wa shingo, kwa milimita 2 hivi. Mtu akinunua mbili za shingo, moja itacheza kwenye shimo lake. Akinunua mbili za daraja, moja haitaingia. Zile pikapu pana za umbo la mche wa sabuni nazo zina vipimo vingi, na majina ya kibiashara hayasaidii. Toa pikapu ya zamani, pima urefu, upana, kina na nafasi kati ya skrubu, halafu ndiyo uanze kusoma matangazo.

Jambo la pili ni namba ya ukinzani. Watu huisoma kama kipimo cha nguvu: hii ni 10, ile ni 13, basi ya 13 ni kali zaidi. Siyo hivyo. Ukinzani unakuambia urefu na unene wa waya uliotumika. Waya mwembamba zaidi huongeza ukinzani hata kama mizunguko ni ileile. Nguvu na rangi ya sauti hutokana pia na aina ya sumaku, idadi ya mizunguko na umbo la koili. Hata hali ya hewa inahusika: shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo pikapu ya kiloomu 10.5 chumbani penye nyuzi 20 itasoma kama 10.9 penye nyuzi 30. Nimeona mtu akirudisha pikapu dukani kwa tofauti ya namna hiyo. Ilikuwa nzima kabisa.

Tulichukua yenye sumaku za alniko 5, yaani mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti, yenye ukinzani wa karibu na wa ile ya zamani. Kijana alikuwa ameshawishika na pikapu zenye sumaku ya keramiki, ambazo mara nyingi hutengenezwa ziwe na nguvu na makali zaidi. Nilimshauri asifuate hiyo, kwa sababu alichokuwa anakililia ni ile sauti yake iliyopotea. Anayetaka sauti yake irudi anunue kinachofanana na kilichokuwepo. Anayetaka sauti mpya, hilo ni jambo lingine na ni jambo zuri, ila aliamue besi ikiwa nzima, aweze kulinganisha.

Kabla ya kuyeyusha lehemu ya zamani nilipiga picha ya ndani kutoka pande mbili, kisha nikachora kwa kalamu. Picha haitoshi, waya hupita chini ya mwenzake na kivuli kikaficha kiungo. Ukichora unalazimika kuufuata kila waya mpaka mwisho wake. Ndani ya besi hii kulikuwa na mambo machache tu: waya wa sauti wa pikapu unaingia kwenye mguu wa pembeni wa volyumu, mguu wa katikati unakwenda kwenye ncha ya jeki, mguu wa tatu umekunjwa na kulehemewa kwenye mgongo wa poti ambao ndio ethi. Poti ya toni inachukua sauti kutoka volyumu na kuipeleka ethi kupitia kapasita, kijenzi kinachopitisha sauti za juu kirahisi kuliko za chini. Halafu kuna waya mmoja unaotoka chini ya daraja la nyuzi, unapita kwenye tundu ndani ya mbao na kuja kuungwa ethi. Huo husahaulika sana. Ukiuacha nje, besi italia vizuri lakini itavuma hata ukiwa umeshika nyuzi, kwa sababu nyuzi na mwili wako havijaungwa na ethi.

Rangi za nyaya usiziamini. Watengenezaji hawajakubaliana. Nyeupe na nyeusi ni za kawaida kwa pikapu hizi, nyeusi ikiwa ethi, lakini nimefungua besi za nyekundu na nyeupe, za njano na nyeusi, na pikapu zenye nyaya nne pamoja na ganda la kinga. Soma karatasi ya mtengenezaji, na mita iwe karibu.

Sasa lehemu. Kazi nyingi za kubadilisha pikapu huharibikia mgongoni mwa poti. Mgongo ule ni bati linalonyonya joto. Chuma cha kulehemu cha wati 25 hakiwezi kulipasha haraka, na anayekitumia hukishikilia hapo muda mrefu mpaka joto linaingia ndani ya poti na kuharibu njia yake ya kaboni, wakati lehemu yenyewe bado imekaa juu kama tone la maji kwenye jani. Ninatumia cha wati 60 chenye ncha bapa. Nilikwaruza mgongo wa poti kwa msasa mpaka ukang'aa, nikapaka lehemu kidogo juu ya bati peke yake, nikapaka na ncha ya waya peke yake, kisha nikavikutanisha kwa mguso mfupi. Vitu viwili vilivyokwisha kupakwa lehemu hushikana kwa sekunde chache. Kiungo kizuri kinang'aa na lehemu imetambaa hadi ikawa nyembamba pembezoni. Kikionekana kijivu, kina chembechembe, au kimesimama kama kifundo, hicho kimepoa vibaya. Kinaweza kushika leo na kuachia jukwaani.

Lehemu ya bati asilimia 63 na risasi asilimia 37 huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Zile za kawaida zisizo na risasi huhitaji nyuzi 217 au zaidi, na kwa mtu anayeanza ni ngumu kidogo kuzimudu. Ukitumia yenye risasi, fungua dirisha na unawe mikono kabla ya kula. Iwe ile yenye utomvu ndani kwa ajili ya elektroniki. Dawa ya tindikali ya mafundi bomba isikaribie gitaa. Itakula waya polepole, na utakuja kushangaa mbona sauti imekatika baada ya miezi. Bodi ya besi niliifunika kwa kadibodi na kitambaa kinene, kwa sababu tone moja la lehemu likianguka kwenye rangi linaacha alama ya kudumu.

Nusu mbili za pikapu mpya zilikuja zikiwa tayari zimeungwa pamoja na mtengenezaji. Zikija zimetenganishwa, ujue kwamba ukikosea kuziunga, kila uzi utalia sawasawa na hutagundua kwa kusikiliza noti, maana kila nusu inahudumia nyuzi zake. Utakachosikia ni mvumo, umejumlishwa mara mbili badala ya kujifuta. Nimewahi kuletewa besi ya namna hiyo. Mwenyewe alikuwa amebandika utepe wa shaba kila pembe ya shimo akipambana na mvumo, na utepe haukusaidia. Nilibadilisha nyaya mbili za nusu moja, kukawa kimya. Utepe wa shaba ni mzuri, nami naupenda hasa kwenye Jazz Bass, lakini una kazi yake. Koili zilizoungwa vibaya hauziponyi.

Kwenye besi yenye pikapu mbili hali ni tofauti kabisa, kwa sababu zote mbili zinasikiliza uzi uleule. Ukibadilisha moja tu na ikatokea kwamba inafanya kazi kinyume na mwenzake, kila moja peke yake italia vizuri, lakini ukizifungua zote pamoja sauti za chini zinatoweka na kubaki sauti ya puani. Njia ninayoitumia ni kupima kabla ya kulehemu. Naiweka mita kwenye milivolti za umeme mnyoofu (DC), ya mshale ikiwepo ni bora zaidi, naunga probu kwenye nyaya mbili za pikapu, kisha nagusisha bisibisi ya chuma kwenye nguzo ya sumaku. Mshale utaruka upande mmoja, na ukiivuta bisibisi utaruka upande wa pili. Narudia kwa pikapu ya pili nikiwa nimeunga probu kwa mpangilio uleule. Zikiruka upande mmoja wakati wa kugusa, zinakubaliana. Zikipingana, moja ibadilishiwe nyaya: wa sauti uende ethi, wa ethi uende kwenye sauti. Angalia tu kama ethi ya pikapu hiyo haijaungwa na kifuniko au bati lake la chuma. Ikiwa imeungwa, litenganishwe kwanza, la sivyo bati hilo litageuka kuwa antena ya mvumo.

Poti na kapasita tuliziacha zilezile. Wengi hubadilisha vyote kwa pamoja, kisha wakishasikia tofauti hawajui imetoka wapi. Poti za kiloomu 250 zinafaa pikapu hizi. Ukiweka za 500, sauti za juu zitaongezeka, kwa sababu poti ni mzigo ambao pikapu inaubeba muda wote, hata ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho. Kapasita ilikuwa ya mikrofaradi 0.047, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye besi za muundo huu. Kuhusu kapasita kuna maneno mengi sana: za karatasi na mafuta, za filamu, za miaka ya zamani. Mimi nimezisikiliza kwa makini, na ninaloweza kusema ni kwamba thamani yake inasikika waziwazi, aina yake sijaisikia. Poti ya toni ilikuwa ikikwaruza. Nikapuliza dawa ya kusafishia, nikaizungusha mara nyingi, ikatulia.

Kabla ya kurudisha kibao mahali pake nilipima tena kupitia kebo, kama mwanzo. Pikapu mpya ikiwa mkononi ilikuwa imesoma 10.6. Ndani ya mzunguko, volyumu ikiwa imefunguliwa yote, ilitakiwa kusoma chini ya hapo kidogo, kwa sababu poti ya 240 iko sambamba nayo. Ilisoma 10.15, na hesabu inakubali. Nikafunga volyumu taratibu: namba ikapanda, ikafika kama 60 katikati ya safari, kisha ikashuka mpaka sifuri. Kijana alishtuka kuona ukinzani unaongezeka wakati sauti inapungua. Nikamwonyesha kwenye mchoro kwamba katikati ya safari ishara inatoka kupitia sehemu ya poti, kwa hiyo chanzo kinakuwa dhaifu zaidi kuliko pikapu ikiwa wazi. Na hapo akapata jibu la jambo alilokuwa akilalamikia siku zote, kwamba akipunguza volyumu kidogo besi inafifia makali. Kebo ya mita 6 ina uwezo wa kuhifadhi chaji wa pikofaradi 600 hivi, ikitegemea aina. Ukiiunganisha na chanzo cha kiloomu 60, sauti zinaanza kukatwa karibu na hezi 4,000, mahali ambapo mkwaruzo wa kidole na mlio wa uzi mpya vinaishi. Kebo fupi humsaidia mpiga besi kuliko anavyofikiri.

Nikachomeka kwenye amplifaya kwa sauti ya chini, kibao bado kiko wazi, nikagonga kila nguzo kwa bisibisi. Zote zikajibu kwa kishindo kinacholingana. Nikagusa nyuzi na kuziachia: kimya kote. Ndipo tukafunga skrubu.

Kilichochukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia ni urefu wa pikapu kutoka kwenye nyuzi. Chini ya pikapu hukaa sponji au springi inayoisukuma juu, na skrubu inaizuia. Ile sponji ya zamani ilikuwa imeoza na kugeuka unga, nikakata mpya. Nilibonyeza uzi kwenye kituo cha mwisho kabisa, nikapima nafasi kati ya uzi na uso wa nguzo: nilianza na milimita 3 upande wa E na 2 upande wa G, maana uzi mnene hutikisika kwa mapana. Ukiikaribisha zaidi unapata nguvu, na kuna kipimo ambacho watu hukivuka kwa tamaa. Sumaku ikiwa karibu mno huuvuta uzi, na noti za juu kwenye uzi wa E zinasikika kama zimechafuka, zina sauti mbili ndani yake, hazikubali kutunika. Mtu atalaumu shingo, atalaumu nyuzi, atasogeza daraja. Shusha pikapu kwanza.

Baada ya hapo mita haina kazi tena. Kijana alipiga mstari mmoja wa polepole unaopita nyuzi zote nne, akarudia, nami nazungusha skrubu robo mzunguko kila mara. Nusu ya D na G ilikuwa juu kupita kiasi; kila akihamia kwenye D, noti ilikuwa inaruka mbele ya zile za A. Tukaishusha. Tukasikiliza pia akiwa anapiga kwa nguvu anayoitumia mbele ya ngoma, kwa sababu mkono wa chumbani si mkono wa jukwaani, na uzi wa E ukipigwa kwa nguvu unaweza kugonga nguzo ya pikapu.

Haya yote ni ya besi isiyotumia betri. Ikiwa besi yako ina betri ya volti 9, usihamishe namba zangu moja kwa moja. Pikapu zenye saketi ya kuongeza nguvu ndani yake, kama za kampuni ya EMG, hutumia poti za kiloomu 25, na jeki yake ina mguu wa tatu ambao ndio unaowasha betri unapochomeka kebo. Ukiweka jeki ya miguu miwili hapo, betri itakuwa imewashwa usiku na mchana. Kupima ukinzani wa pikapu za namna hiyo kwa mita nako hakukuambii chochote cha maana, kwa sababu unachokipima ni saketi, koili iko nyuma yake.

Ile pikapu iliyokufa hatukuitupa. Nusu yake ya E na A bado ni nzima, na kiloomu 5.3 zake zimeandikwa kwenye karatasi niliyoifunga nayo, pamoja na mchoro wa nyaya na vipimo vya pikapu mpya. Nakala ya mchoro huo nimeibandika ndani ya shimo la elektroniki, chini ya kibao. Atakayeifungua besi hiyo siku nyingine, awe mimi au fundi mwingine, atakuta namba za kuanzia: poti 240, kapasita 0.047, pikapu 10.6, na kwenye jeki 10.15.